Fremu Nzuri, Kapu Tupu

Mabwana wa uvuvi wa starehe pale Watamu hawachoki kubishania fremu ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Grafiti, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kaboni, ni nyepesi na haishiki kutu. Ila jodari mzito akivuta, fremu hupinda, meno ya gia yakakosana. Aluminiamu ni imara, lakini ngozi yake ikichubuka chumvi huitafuna. Magnesiamu ni nyepesi zaidi, na chumvi huipenda zaidi. Wakibishana hivyo, maji yanakupwa. Pembeni, mvuvi wa ngalawa kazungushia mshipi wake kipande cha ubao, na nguru wawili wamelala miguuni pake. Bwana mkubwa, chukua aluminiamu, isuuze kwa maji baridi kila urudipo, na utie ndoana majini. Samaki haulizi bei ya fremu.