Mmarekani, Mfaransa na Feni ya Nyanya

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, Shika Adabu, hapa Likoni, hapana tajiri wala maskini. Sote tunavuja jasho. Kipimajoto chenyewe hakitishi: nyuzi 32 au 33, watu wa bara wangesema ni jua zuri la kuanika mahindi. Balaa letu ni unyevu. Hewa ya pwani imeshiba maji, jasho halina pa kwenda. Mtu anaoga, anajifuta, na kabla hajatundika taulo amekwisha kulowa upya.

Ndani ya msimu huo akatujia binamu yangu kutoka Texas, pamoja na Mfaransa mmoja waliyefahamiana kazini. Binamu ni mzaliwa wa Likoni hii hii, lakini Marekani imemdekeza. Kule karibu nyumba tisa katika kila kumi zina kiyoyozi, na mtu huweza kuingia dukani na jaketi mwezi wa Julai. Kabla hata ya kupewa maji aliuliza, "AC iko wapi?" Nyanya akamwonyesha dirisha.

Tukamngojea Mfaransa naye alalamike. Wapi! Kwao viyoyozi vya nyumbani ni vichache, na wako wengi wanaoamini kwamba upepo unaopita baina ya madirisha mawili huleta mafua na kukaza shingo. Nyanya kusikia hayo, akamsogezea kiti. Miaka yote anatuhubiria kwamba anayelala akipigwa na feni huamka na kifua, na mtoto aliyetoka kuoga hapitishwi mlangoni. Sisi tukimcheka. Leo Ulaya imekuja kumtolea ushahidi! Tangu usiku ule, binamu akiwasha feni, Nyanya anazima. Nyanya akisinzia, Mfaransa anashika zamu.

Binamu uvumilivu ukamwisha. Akavuka feri kwenda mjini, akarudi na kiyoyozi cha magurudumu, kimepandishwa mkokoteni kama bibi harusi. Chombo hicho kina bomba nene la kutolea joto nje, na dirisha la chumba cha binamu linatazama uchochoro ambapo jirani hukaanga viazi karai. Kuwashwa tu, sauti ikapaa: "Jamani, mimi nina moto wangu hapa, mwaniongezea wa nini?"

Baridi yenyewe haikukaa. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na juu ni bati tupu lisilo na dari, lililopigwa jua mchana kutwa. Joto likashuka kutoka batini, baridi ikapenya chini ya mlango, ikaenda kumfaidi paka ukumbini. Saa nane za usiku tokeni za stima zikaisha. Stima ikazima, kiyoyozi kimya, feni kimya.

Binamu akaburura mkeka hadi barazani. Huko akamkuta Nyanya ameketi, kaskazi yampuliza kila upande.

"Nyanya, huu si upepo?"

"Huu wa Mungu, mjukuu wangu. Ule wa stima hauna huruma."

Usidhani Nyanya na mshirika wake walishinda kesi. Mfaransa mwenyewe alikiri kwamba joto la mwaka 2003 liliua karibu watu 15,000 nchini kwao, wengi wao wazee. Joto si la kufanyiwa ubishi. Lakini na binamu apunguze maringo: kiyoyozi cha kwanza cha Willis Carrier, mwaka 1902, kilibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, unyevu usiharibu karatasi. Binadamu alikuja kudandia baadaye.

Wazee wa pwani walilijua joto hili kabla ya Carrier: kuta nene za mawe ya matumbawe, paa refu la makuti, baraza mbele. Sisi tukaja na bati la chini na kidirisha kimoja, kisha tunashangaa kwa nini tunachemka.

Kwa hiyo wewe unayejenga Likoni, weka dari kwanza, toboa madirisha pande mbili, halafu ndipo ukaulize bei ya kiyoyozi. Na ukiwa na Nyanya nyumbani, mnunulie leso ya kujifunga shingoni. Ni rahisi kuliko tokeni.