Swichi ni Yangu

Duka langu hapa Takaba hufungwa saa saba mchana, likafunguliwa tena baada ya swala ya alasiri. Marehemu baba alifanya hivyo, na jua la Mandera Magharibi halijabadilika tangu azikwe. Kabla sijateremsha mlango huzima swichi ya sola, kwa sababu betri zile sikuzirithi, nilizinunua. Sasa nyumbani kwangu kuna mtu anayedai kwamba kwa swichi hiyo nimemfilisi.

Mtu huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo. Nilimpa kona nyuma ya magunia ya mchele aweke kompyuta yake, nikidhani anatafuta kazi. Kumbe kafungua duka. Ndani ya duka langu, bila kunilipa kodi hata ya shilingi, kijana kafungua duka!

Duka lenyewe liko kwenye mchezo wa Ragnarok Online, uliotoka Korea Kusini mwaka 2002. Humo anayetaka kuuza hujiandikisha kuwa mfanyabiashara, na kabla hajaruhusiwa kupanga bidhaa lazima ajifunze kuvuta mkokoteni. Hilo nililipenda sana. Wapo vijana hapa mjini ningewapeleka huko kesho. Akishafuzu, anakaa barabarani na mkokoteni wake, anatundika bango juu ya kichwa, anapanga bidhaa zisizozidi aina 12, kila moja na bei yake. Kazi imeisha. Wateja wanapita, wanasoma, wanabonyeza, wanalipa, wanakwenda zao bila hata salamu. Mwenye duka anaweza kuwa amelala fofofo.

Ila kompyuta isizimwe. Zipo seva zenye amri ya kuliacha duka liuze hata ukiondoka, lakini ya kwake haina. Na betri ya kompyuta yenyewe ilikufa mikononi mwa mmiliki wa kwanza, kwa hiyo uhai wa huyo mfanyabiashara uko kwenye waya unaotoka kwenye swichi yangu. Wateja wake wengi wako Ufilipino, waliotutangulia kwa saa tano. Saa tisa, sisi tumejilaza kivulini, kwao ni saa mbili usiku: watu wametoka kazini, wameshiba, wanatafuta pa kutumia. Ndipo kila siku mfanyabiashara wa Takaba anapotoweka barabarani, yeye na mkokoteni wake.

"Abti," ndivyo mjomba na mpwa tunavyoitana, "umenifungia duka."

"Abti, nimefunga duka langu. Lako lilikuwa ndani."

Mama yake ameshapiga simu kutoka Garissa kuniuliza kwa nini namtesa mtoto. Nimemjibu kwamba mtoto akitaka saa za kazi za Manila, ahamie Manila.

Na si mimi tu niliyemtia hasara. Kuna siku aliandika bei akaacha sifuri moja. Kabla chai yake haijapoa, mtu mmoja alikuwa amekomba dawa zote mkokotenini. Hapa Takaba jambo hilo haliwezekani. Mtajie mteja sukari kwa sehemu ya kumi ya bei, hataupokea mfuko. Atakuuliza kama umepimwa malaria, kisha atatuma mtoto amwite mkeo.

Ili nilainike, akaanza kunisimulia michezo mingine. Katika Ultima Online, ya mwaka 1997, unamweka muuzaji mlangoni kwako, naye kila siku anajikatia ujira wake katika pesa anazokushikia. Pesa zikiisha, anatoweka na bidhaa zako. Huyo namfahamu. Aliwahi kufanya kazi kwangu.

RuneScape nayo ilikuwa na wauzaji waliosongamana mjini Varrock wakipiga kelele za bei, mpaka mwaka 2007, mwaka ule ule wa M-Pesa, likafunguliwa soko kuu: unaacha mali na bei, soko lenyewe linakutafutia mnunuzi. Niliwasimulia hayo madalali wa soko la ngamia. Mmoja aliniomba nisirudie maneno hayo mbele ya watu.

Lakini kilichonipa wivu hasa ni kwamba kwenye mkokoteni ule hakuna deni. Huna zeny, pesa za humo, bidhaa haisogei. Daftari langu mimi linanenepa kila mvua inapokosekana; ukame uliofika mpaka mwanzoni mwa 2023 ulijaza madaftari, na waliomo ni majirani na mashemeji, huwezi kuwabonyeza. Mchezo huo ni pepo ya wenye maduka, nikamwambia mpwa wangu, kaa humo humo.

Juzi akaja mbele ya kaunta, ananong'ona kama mtu aliyeiba. Kuna Mfilipino mmoja, mteja wa siku nyingi, anaomba apewe panga leo, alipe Ijumaa. Makabidhiano ya mkono kwa mkono, nje ya bango. Afanyeje?

"Mtoto wa nani?" nikamuuliza.

"Sijui, abti."

"Ana mifugo?"

Akafikiri. "Anaye mmoja. Wa rangi ya waridi, hana miguu, anadundadunda."

"Anakamuliwa?"

"Hapana."

"Basi mwambie alete pesa."