Huruma Yenye Nembo

Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipojaza madarasa na Rais Magufuli akataka kila mtoto akalie dawati, kampuni nazo zikashikwa na huruma. Kutoa ni moyo, bali moyo huu huja na mpiga picha. Hafla za kampuni hizo Mwanza tunazijua: mfano wa hundi mpana kuliko ubao, fulana za rangi ya kampuni, watoto juani wakipiga makofi, mgeni rasmi kivulini. Pale sokoni Mwaloni Kirumba, muuza dagaa akikuongezea kiganja haiti wanahabari. Wakubwa, asanteni kwa madawati. Ila nembo bandikeni kwenye magari yenu. Mtoto hajaomba kuandikia juu ya tangazo.