Jinsi ya Kumaliza Zoezi la Kwanta Bila Kulielewa

Kwanza, usisome swali. Maswali ya kwanta hutungwa ili kumtisha mtu, na ukilisoma saa tano za usiku hutapata usingizi. Lipitie kwa jicho moja tu, ukitafuta neno mojawapo kati ya haya: sanduku, haidrojeni, metali.

Ukiona metali inamulikwa, hiyo ni ya Einstein, ya mwaka 1905, na kazi yote ni kutoa. Chukua nishati ya mwanga, toa gharama ya kuing'oa elektroni, basi. Mwanga wa nanomita 400 juu ya sodiamu: 3.1 toa 2.3, inabaki 0.8. Kanywe chai. Ukiona haidrojeni, andika −13.6 elektroni-volti juu ya ukurasa hata kabla hujajua utaitumia wapi. Msahihishaji akiiona hiyo namba moyo wake hutulia. Sanduku ndilo lenye kazi, tutalifikia.

Kisha andika mlinganyo wa Schrödinger. Uandike mkubwa, kwa kalamu isiyovuja, hata kama hakuna aliyeuomba. Ile saai, herufi ya Kigiriki iliyo kama uma wa kulia tambi, jizoeze kuichora usiku uliotangulia kwa mkono wa mtu aliyekulia nayo. Wengi hukamatwa hapa hapa. Hesabu zao ni safi, lakini saai imetetemeka.

Ukikwama kuutatua, omba msaada na usione haya. Schrödinger mwenyewe alipoupata mlinganyo wake, majira ya baridi ya 1925 kuamkia 1926, alikwama kwenye hesabu za atomi ya haidrojeni. Alimwendea rafiki yake Hermann Weyl, mwanahisabati aliyekuwa mji uleule wa Zürich, na baadaye akamshukuru katika makala yake. Na wewe una Weyl wako hapo bwenini. Tofauti ni kwamba wa kwako anadai chipsi mayai. Mnunulie. Shukrani za maandishi acha, zitasomwa na asiyehusika.

Sasa tuje kwenye kudesa, maana hapa vijana wengi wanaharibu kwa haraka zao.

Tuseme umeulizwa hivi: elektroni iko kwenye sanduku, katika hali yake ya chini kabisa, kuna uwezekano gani wa kuikuta kwenye theluthi ya kushoto? Jibu ni 0.1955. Lakini kalkuleta ikiwa imewekwa kwenye digrii badala ya radiani, itakupa 0.3275 bila hata kulia. Mwenye kalkuleta hiyo ameketi kimbweta cha pili kutoka mlangoni, ana sura ya kujiamini, na watu wanane wameshampiga chabo. Kesho mwalimu msaidizi atafungua daftari la kwanza akute 0.3275. La pili, 0.3275. Likifika la tano hasahihishi tena, anachora ukoo: nani kamzaa nani.

Wewe usiingie kwenye ukoo huo. Kabla hujanakili, jiulize kitu kimoja. Kama elektroni ingekuwa haina upendeleo, kila theluthi ingepata 0.3333. Lakini katika hali ya chini kabisa elektroni inapenda katikati, ukutani haitaki kabisa kukaa. Theluthi ya katikati peke yake inabeba kama 0.61. Kwa hiyo pembeni lazima kupungue, tena kupungue sana. Hiyo 0.3275 imeikaribia theluthi kamili kiasi cha kutia aibu. Ukishaligundua hilo, usitangaze. Rekebisha ya kwako, ya wenzio iache ilivyo. Nao wanahitaji kujulikana.

Kuhusu intigresheni, ushauri wangu ni mfupi: usiifanye. Ukiulizwa wastani wa mahali elektroni ilipo, andika nusu ya urefu wa sanduku, na mbele yake maneno mawili, "kwa ulinganifu". Ukiulizwa wastani wa momentamu, andika sifuri, na maneno yaleyale. Hayo maneno mawili yanaokoa kurasa mbili za jasho, na tena yanakupa heshima, kwamba huyu kijana haoni sababu ya kuhangaika. Ila hapo chungulia swali kidogo (nilisema usilisome, sikusema usilichungulie). Ukikuta saai mbili zimejumlishwa, ya hali ya kwanza na ya pili, kimbia. Hapo wastani unayumba kushoto na kulia kadiri muda unavyokwenda, na ulinganifu wako utakuumbua mbele za watu.

Pengo likibaki kati ya mstari unaoujua na jibu ulilopewa, lizibe kwa "ni rahisi kuonyesha kwamba". Sharti liwe pengo la angalau mistari mitatu. Chini ya hapo utaonekana mvivu. Juu ya hapo utaonekana mwandishi wa kitabu.

Vipimo navyo vina siri yake. Elektroni katika sanduku la nanomita moja ina nishati ya 0.376 elektroni-volti. Mwenzako mmoja ataandika jouli 0.376, na ataipigia mstari mara mbili. Jouli hizo zinatosha kuinua yai kutoka sakafuni hadi mezani. Elektroni moja! Usimcheke, lakini usikae karibu naye siku ya kukusanya.

Je, ukisahau kuipiga saai kipeo cha pili kabla ya kuiita uwezekano? Hapo una mtetezi mkubwa. Max Born, mwaka 1926, ndiye aliyetuambia kwamba saai ni habari ya uwezekano, na katika maandishi yake aliitaja hivihivi, bila kipeo. Makala ikiwa mbioni kuchapwa, akaongeza tanbihi: kwa kuangalia vizuri zaidi, ni kipeo chake cha pili. Mwaka 1954 akapewa Nobel, na kanuni iliyokuwa ndani ya ile tanbihi ndiyo inayobeba jina lake mpaka leo. Kwa hiyo kila ukurasa unaokusanya, acha nafasi chini. Huwezi kujua.

Linabaki balaa la mwisho: kuitwa ubaoni siku ya semina. Ukinyamaza, usijidharau. Heisenberg aliponea chupuchupu kwenye mtihani wake wa udaktari kule München mwaka 1923, aliposhindwa kumweleza Wilhelm Wien jinsi hadubini inavyotenganisha vitu vidogo, na hata betri inavyofanya kazi. Miaka miwili baadaye alikuwa ameanzisha hiyo kwanta inayokutoa jasho. Lakini usimtaje. Mwalimu atakuuliza betri inafanyaje kazi.

Fanya hivi. Shika chaki, andika mlinganyo wako mkubwa, rudi nyuma hatua moja, uutazame kwa uchungu. Kisha uliza kwa sauti ya chini: "Samahani Daktari, hii saai ni kitu kilichopo kweli, au ni hesabu tu ya kile tunachokijua sisi?"

Einstein na Bohr walilibishania jambo hilo Brussels mwaka 1927, na wanafizikia hawajakubaliana hadi sasa. Daktari atavua miwani. Mwalimu msaidizi, ambaye ana msimamo wake tangu shahada ya kwanza, atasimama. Wataanza kwa adabu. Wakishafika kwa yule paka wa Schrödinger, hakuna anayekukumbuka; futa ubao, pangusa mikono, urudi zako kukaa.