Kichwa Hakijafa, Jamani

Kiwandani kwetu, huku Barabara ya Nyerere, kipuri kikikataliwa hakuna anayemshuku aliyekichonga. Kinachoshukiwa ni kichwa cha mashine ya kupimia. "Kichwa kimekufa," hutangaza msimamizi wa zamu kabla hata hajakitazama, kwa sauti ya mleta habari za msiba.

Kichwa chenyewe, tuseme kweli, kina maringo. Kinaning'inia juu ya meza ya itale kikiwa na probu, na probu ina sindano inayoishia kwenye kijiwe cha yakuti, saizi ya punje ya mtama. Ndani mna vijiti vitatu vilivyoegemea gololi, na umeme hafifu hupita kwenye sehemu sita vinapogusana. Sindano ikisukumwa kidogo tu, mguso unalegea, kompyuta inaandika mahali ilipo. Alibuni hayo David McMurtry mwaka 1972, akiwa Rolls-Royce, ili kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za Concorde. Concorde iliacha kuruka 2003. Sisi na probu bado tunasumbuana.

Juzi shafti iliyopita vizuri asubuhi ilipimwa tena baada ya chai, ikaonekana imekonda. Msimamizi akaanza kuandika barua ya kuagiza kichwa kipya, kitu ambacho bei yake humtajii mhasibu kabla hujampa kiti. Fundi mkuu, tunayemwita Mzee wa Vipimo, hakusema neno. Alichukua lenzi akainama kwenye tufe la marejeo, lile ambalo mashine huligusa ili ijue kijiwe chake kina upana gani. Akainuka taratibu.

"Nani kalishika hili baada ya kula andazi?"

Kimya. Dole gumba zima lilikuwa pale, mistari yote, linang'aa mafuta. Mashine ilikuwa imepima tufe pamoja na andazi, ikadhani kijiwe kimenenepa, na tangu hapo ikawa inaipunguzia kila shafti unene. Spiriti kidogo, kitambaa kisichoacha nyuzi, kalibresheni upya. Shafti ikarudishiwa mwili wake.

Zamu ya usiku ina vituko vyake. Mashine ilianza kuripoti imegusa kitu hewani, pasipo na kitu. "Nilishawaambia, wanangu," akasema mlinzi, "kiwanja hiki kina wenyewe." Mzee akakuta sindano imeungwa vipande juu ya vipande ili ifike ndani ya tundu refu, kiungo kimoja kimelegea, na mwendo umefunguliwa wote. Mkono ukiondoka kwa kishindo, sindano inayumba, probu inadhani imeguswa. Akaifupisha, akaikaza kwa kipini chake (plaizi, jamani, imeua probu nyingi kuliko kazi), akapunguza mwendo. Jini akahama.

La joto ndilo halijaisha. Vipimo vya dunia nzima hurejelea nyuzi 20, na chuma cha mita moja hurefuka kama milimita 0.0115 kwa kila nyuzi moja. Mhasibu huzima kiyoyozi wikiendi kuokoa umeme. Jumatatu ya Februari chumba kiko 30, na watu wanataka kukinyonga kichwa. Kuhusu kiyoyozi, sasa ameanza kutusikiliza. Alikokwama ni kwenye chupa ya spiriti: haamini kwamba inaishia kwenye vijiwe, na kila anayekwenda kusainiwa nyingine hunuswa kwanza pumzi.