Makande Hayana Wageni

Wanaotoa ushauri wa chakula cha mchana kwa wafanyakazi wana kasoro moja: hesabu yao ni ya mtu anayekula peke yake. Pika nyumbani, wanasema, funga, beba, mwisho wa mwezi utaona pesa imebaki. Hakuna hata mmoja aliyemgusia mhasibu. Ofisini kwetu, hapa Posta, Dar es Salaam, kuna chumba cha chai chenye meza moja ndefu, na anayefungua kibakuli chake mezani pale sharti aseme "karibuni". Mtu aliyelelewa vizuri hujibu "ahsante, nimeshiba," akaendelea na gazeti lake. Mhasibu wetu hujibu kwa kwenda kunawa mikono.

Nilianza kubeba chakula kwa sababu za kawaida: mkanda wa suruali ulikuwa umefika tundu la mwisho, na mshahara nao ulikuwa ukifika tarehe 15 uko hoi. Jumatatu moja, baada ya shughuli ya harusi kwa dada yangu, nikabeba kiporo cha pilau. Harufu ilipotoka kwenye maikrowevu, watu wa ghorofa ya juu, ambao hata ukiwapigia simu waje kuchukua faili lao hawaji, walishuka kwa ngazi. Nikasema karibuni, kwa kuwa sikulelewa porini. Mgao wangu ukawa kijiti cha mdalasini na nusu ya kiazi. Nikatoka kwenda kununua chakula, yaani siku hiyo nililipia milo miwili nikala mmoja.

Tangu hapo najua kwamba bei ya chakula cha ofisini haiishii sokoni. Viko vyakula ambavyo vikishavuka mlango wa kazini vinageuka mali ya umma: pilau, chapati, kuku wa kukaanga, sambusa za nyama, na chochote kilichopikwa kwa nazi. Viko vingine ambavyo hata ukiviacha wazi mezani ukaenda benki kupanga foleni, utavikuta vinakusubiri. Mlenda. Boga la kuchemsha. Mchicha usio na nazi wala karanga. Makande. Na uzuri wa mambo ni kwamba hivi visivyo na wapenzi ndivyo anavyovitaja daktari akishakupima presha na kukutazama kwa huruma. Chakula cha afya, ofisini kwetu, ni cha bei nafuu kwa sababu hakiibwi.

Basi nikahamia kwenye makande. Msiyadharau. Mahindi yamepungukiwa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yanayo tele. Maharage nayo yana uhaba wa methionini, na hapo mahindi yanaziba pengo. Ukivichemsha pamoja kila kimoja kinamfichia mwenzake aibu, mwili unapata protini ya maana bila wewe kukanyaga bucha. Juu yake kuna nyuzinyuzi za kukushikilia hadi jioni. Gharama kubwa ni moto, maana mahindi makavu hayana haraka na mtu. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha ndiyo ubandike. Kumwaga maji si mazoea ya bibi yako tu: huondoa sehemu ya ile sukari ya maharage inayokwenda kuchachuka tumboni na kutoa gesi. Ofisini kwetu yupo kijana mmoja ambaye hamwagi. Kila mtu anajua hamwagi. Kikao cha bajeti cha mwaka jana kilifungwa mapema kuliko vyote katika kumbukumbu ya idara, na kwenye muhtasari imeandikwa tu kwamba wajumbe waliridhia.

Siku ya kwanza ya makande nilisema "karibuni" kwa sauti ya kujiamini kabisa. Mhasibu akachungulia kibakuli, akasema ameshiba. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Nikala kwa raha, nikifurahia ukimya wa mtu asiye na wageni, kumbe nilikuwa nimemsahau mzee wa stoo. Mzee wa stoo ni mtu wa Same, na mtu wa Upareni na makande ni ndugu wa damu. Alikuwa ghorofa ya chini akihesabu karatasi za kuchapishia, sijui nani alimpelekea habari. Alikuja na kijiko chake mwenyewe mfukoni.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba. Umeweka magadi?"

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana mahindi yanabisha. Sogea."

Akala huku akinikosoa, na kukosoa kwake hakukumpunguzia kasi.

Mtaniambia, kwa nini usinunue tu kwa mama lishe? Nilijaribu. Nyuma ya jengo letu yupo mama ambaye kwa shilingi 2,500 anakupa wali, maharage, mchicha na kachumbari kidogo, na kwa kweli ukiangalia vilivyomo, hicho ni chakula kizuri kuliko chipsi mayai ya bei kubwa zaidi inayouzwa hatua chache kutoka pale. Tatizo ni vipimo. Wali ni mlima, maharage ni kijiji kidogo chini ya mlima, mchicha ni uvumi tu. Nikaamua kuomba vigeuzwe.

"Mama, shikamoo. Naomba wali nusu, maharage mengi, mchicha mwingi."

Akasimama na upawa hewani. Akanitazama uso, akanitazama viatu.

"Baba, mshahara umechelewa?"

Nikasema hapana, ni afya tu. Neno afya likamtisha zaidi. Akauliza kama nimepimwa, nikasema sijapimwa, akasema ndivyo wanavyosemaga wote. Kisha akaujaza wali mpaka ukamwagika pembeni, akaongeza kipande cha samaki nisichokiagiza, akaninong'oneza, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, kwamba nile tu, nitalipa mwisho wa mwezi. Benchi likanipisha nikae kivulini. Jamaa mmoja nisiyemjua akanisogezea maji yake. Kuanzia siku hiyo kila nikipita pale yule mama ananiita "mgonjwa wangu", na kila nikila pale natoka na wali mwingi kuliko wanaoomba wali mwingi.

Lakini niseme ukweli kuhusu pesa na kitambi: mchana unasingiziwa. Mwizi mwenyewe anakuja saa nne. Saa nne asubuhi mhudumu anapita na karatasi, anaandika nani anataka nini, na hakuna anayethubutu kusema hataki kitu, maana ataonekana ana shida au ana kiburi. Chai 500, chapati mbili 1,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bei ya sahani nzima ya yule mama, na saa sita bado haijafika. Chai yenyewe inakuja imeshatiwa sukari, na bado kuna bakuli la sukari mezani kwa wanaoona imepoa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa ipungue chini ya asilimia 10 ya nishati tunayokula, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko vya chai sita kwa siku nzima. Dada wa masjala anatia vinne kwenye kikombe kimoja. Mhasibu ikifika saa nane anafungua soda ya kola, chupa ya mililita 350 yenye zaidi ya gramu 30 za sukari, kwa maelezo kwamba inasukuma chakula. Chakula chenyewe ni changu, lakini tuyaache hayo.

Dawa ya saa nne ni kuwa na kitu kwenye droo kabla karatasi ya mhudumu haijafika. Ndizi mbivu zinafaa, ila zisikae hadi Ijumaa. Droo ya ofisi ya Dar ina joto la kuivisha hata mafaili. Kiazi kitamu cha kuchemsha kinashibisha vizuri, na ukipata vile viazi lishe vya rangi ya chungwa unapata na vitamini A ndani yake. Yai la kuchemsha la kijana wa barabarani ni biashara safi kabisa: protini kamili, limefungwa na ganda lake, na kachumbari ya bure juu, alimradi umzuie kabla hajamimina chumvi. Karanga ni nzuri sana kwa moyo, ila zina kasoro mbili. Kwanza, hakuna mtu duniani anayeona kuchota karanga za mwenzake kuwa ni kuiba. Pili, angalia zilikohifadhiwa. Ile sumukuvu iliyoleta msiba Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa njia ya mahindi hupenda karanga pia, na kukaanga hakuiondoi yote. Iliyosinyaa, iliyoota ukungu au yenye uchungu, tema, hata kama umepewa na bosi.

Mtindi ulikuwa mpango wangu mzuri kuliko yote, na haukudumu. Mtindi unahitaji friji, friji ya ofisi ni moja, na ndani ya friji ile hakuna sheria. Niliandika jina langu kwenye kopo. Likanywewa. Nikaandika "dawa". Likanywewa, na aliyekunywa akaniacha na ujumbe pembeni ya jina langu: pole, ugua pole.

Sasa turudi kwa mhasibu, kwa sababu haki ni haki. Baada ya mzee wa stoo kumsema hadharani, mbele ya dada wa masjala, alitangaza kwamba naye atabeba. Akaja na hotipoti jipya lenye maua, ndani yake maharage ya nazi aliyoyapika usiku, akayamimina yakiwa vuguvugu, akafunga kwa nguvu zake zote, akalala. Asubuhi akapanda nalo mwendokasi kutoka Kimara, limebanwa kati ya watu, hadi Posta. Kisayansi, hapa hapakuwa na njia ya kupona. Bakteria wa chakula hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na ushauri wa wataalamu ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Hotipoti halipiki na halipoozi. Linatunza tu joto lile ulilolikabidhi, na ukilikabidhi uvuguvugu, linautunza kwa uaminifu usiku kucha. Tui la nazi ndilo lililomaliza kazi. Alisimulia mwenyewe kwamba walipofika Magomeni abiria mmoja aliuliza kwa sauti nani kabeba togwa.

Saa saba mchana alilifungua. Lilitoa sauti kama soda. Povu likapanda hadi kwenye maua. Na mhasibu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akasema "karibuni".

Tukajibu kwa pamoja kwamba tumeshiba.

Haikuishia hapo, maana huwezi kumwacha mtu mzima akitazama povu. Mzee wa stoo siku hiyo alikuwa amelipa deni: alibeba makande yake, ya magadi, pamoja na maparachichi mawili, na kwao makande bila parachichi ni adhabu. Mimi nilikuwa na mchicha. Dada wa masjala alikuwa na machungwa ya Muheza. Tukamsogezea sahani mhasibu, akala kimya, na kesho yake akaleta nyanya, vitunguu na ndimu za kachumbari ya watu wote, vitu ambavyo hata yeye hawezi kuvichachusha. Siku hizi kila mmoja analeta kitu kimoja. Makande yamekuwa na wageni, na nimeona kwamba mfuko haukuumia: ukipika chungu kimoja kikubwa kwa zamu, mkaa na muda vinagawanyika, na zamu ya kula vya wenzako inakuja mara nyingi kuliko zamu ya kupika. Mhasibu ndiye aliyepiga hesabu hiyo, na katika hesabu namwamini.

Limebaki suala la dagaa tu. Kwa bei na kwa virutubisho sina cha kuwashinda: analiwa samaki mzima na mifupa yake, kalsiamu yote humo humo, na mfuko wa dagaa wa Mwanza unakwenda mbali kuliko kilo ya nyama. Lakini siku dada wa masjala alipowapasha moto kwenye maikrowevu, bosi alikuwa na wageni kutoka nje ya nchi kwenye chumba cha mikutano, na kiyoyozi cha jengo letu kinavuta hewa ya chumba cha chai na kuigawa kwa usawa kwenye vyumba vyote. Waraka ulitoka saa kumi jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo ombi langu kwenu nyote mnaofanya kazi ndani ya majengo yenye madirisha yasiyofunguka ni hili: dagaa waleteni, ila wakaangeni nyumbani mpaka wakauke, wakamulieni ndimu, mwale wakiwa wamepoa. Maikrowevu tuiachie makande.