Muulize Somo: Kadi ya Kijani Haifukizwi Udi

*Somo, shikamoo. Mwaka huu nimemwoa raia wa Marekani na tunaishi Houston. Nilikuja kwa viza ya mwanafunzi, na sasa tunataka kuomba makazi ya kudumu. Dada yangu naye anaolewa Tanga mwezi wa Desemba, na mama anasema lazima niwepo. Nianzie wapi? — Bwana Harusi Mpya, Houston.*

Marahaba, mwanangu. Umeanzia pazuri, umeanzia kwangu. Mimi ndiye niliyewafunda wanawali wa Ngamiani, kuanzia Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini. Ukipita huko ukaona ndoa imesimama, jua mkono wangu ulipita. Zilizoanguka zilifundwa na yule bibi wa Chumbageni, ambaye simtaji.

Marekani sijafika, wala sijaona sababu. Lakini nina mpwa Columbus, Ohio, aliyepita njia hii yako yote, na usiku hanilazi kwa sauti ndefu za WhatsApp. Kwa hiyo nitakayokwambia mengi yametoka kwake na ni ya uhakika. Mengine yametoka kwangu mwenyewe, nayo ni ya uhakika zaidi.

Tuanze na fomu, tuzimalize, maana fomu hazina utamu. Mkeo anajaza I-130, ya kuiambia serikali kwamba wewe ni wake. Wewe unajaza I-485, ya kuomba ubaki. Kwa kuwa yeye ni raia na wewe uliingia kwa viza, mlangoni, ukakaguliwa, mnaweza kuzipeleka zote mbili kwa pamoja. Mume au mke wa raia hapangi foleni ya mgawo wa kila mwaka. Angekuwa mkeo na kadi ya kijani tu bila uraia, mambo yangekuwa mengine. Ndiyo maana mimi huwaambia wanawali wangu: kabla hujauliza ana nyumba ngapi, uliza ana hati gani. Wakanicheka, leo wananipigia simu kutoka Dallas.

Sasa tuje kwenye mahojiano, maana hapa nimeibiwa.

Mpwa wangu anasema afisa wa uhamiaji anawakalisha, anawaapisha, kisha anauliza: nani huamka kwanza? Mwenzio analala upande gani wa kitanda? Jana usiku mlikula nini, na nani alipika? Wakiwatilia shaka, wanawatenganisha, kila mmoja na chumba chake, mnaulizwa maswali yaleyale, halafu majibu yanalinganishwa. Mawakili wanayaita mahojiano ya Stokes, kwa jina la kesi ya New York ya miaka ya 1970. Niliposikia hayo nilivua miwani. Serikali ya Marekani inaendesha unyago! Bila ngoma, bila kungwi, bila hata kipande cha kanga, lakini unyago ni unyago. Mimi nilikuwa namweka mwali chumba cha ndani na mama mkwe ukumbini, nauliza huku, nauliza kule, kabla wao hawajajua kuna nchi inaitwa Tanganyika. Ningekuwa mtu wa kesi ningewadai.

Dawa yake ni hii. Kila usiku baada ya chakula, mama mkwe wako avae koti, akae nyuma ya meza, akuhoji. Asicheke. Kitandani chora mstari wa chaki katikati, na asivuke mtu mpaka kadi itoke. Jifunze mkoromo wa mkeo, ni wa kupanda au wa kushuka, na uweze kuuigiza ukiombwa. Mpwa wangu anasema hili la mwisho haliulizwi. Haliulizwi kwa sababu hawajanisoma.

Na ukiwa hukumbuki jibu, sema hukumbuki. Hilo ni la wakili wake, si langu, lakini nimelipitisha.

Kuhusu ushahidi, nilitegemea orodha yenye mapambo ya harusi. Nilitumiwa hii: mkataba wa kupanga nyumba wenye majina yote mawili, taarifa za akaunti ya benki ya pamoja, bima mliyoandikana, ritani ya kodi mliyojaza kwa pamoja. Udi haumo. Wanaoandika barua za mapenzi ndefu kumpelekea afisa wanapoteza wino. Picha mia mbili zenye gauni lilelile zinathibitisha siku moja tu. Afadhali picha unayoonekana umeshika ndoo jikoni kwa wakwe, na nyingine ya miezi sita baadaye umenenepa. Mpwa wangu alichapisha ujumbe wao wa simu. Wa kwanza ulisema, “Umelipa umeme?” Wa pili ulisema, “Nilidhani wewe.” Ningekuwa afisa ningempa kadi papo hapo, na uraia juu.

Kuna kijana mwingine aliniandikia nimtafutie mke wa makaratasi, wa kulipwa kwa mafungu. Nilimjibu kwa herufi kubwa. Ndoa ya kuwahadaa uhamiaji, adhabu yake inafika miaka 5 jela na faini ya dola 250,000, na ukishagundulika, hata ukija kuoa kwa kweli kesho, ombi hilo nalo linagonga ukuta. Nimesimamia harusi za gharama, lakini mahari ya dola robo milioni haijapata kutolewa hata Raskazoni.

Nikukalishe kidogo kwenye fomu I-864, maana nimeipenda kupita kiasi. Mkeo anatia sahihi kwamba atakutunza, na aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Kisipotosha, anatafutwa mdhamini wa pamoja. Sasa sikiliza: talaka haiifuti sahihi hiyo. Mnaweza kuachana, mkatukanana hadharani, na bado anabanwa, mpaka uwe raia, au uhesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au uhame nchi moja kwa moja, au mmoja wenu afe. Nimeisikiliza sauti hiyo mara kadhaa nikiwa nimekaa chini. Huku kwetu mwanamume anatoa talaka na nauli ya basi hatoi! Fomu hiyo naitaka Tanga. Iwekwe mezani kwa kadhi na kanisani kwa padri, na kalamu nitaleta mimi.

Na kwa yeyote anayepigwa au kuteswa na mwenzi raia, akaambiwa “ukisema nakukatia makaratasi”: sheria inamruhusu aliyeteswa kujiombea mwenyewe, na mtesaji haarifiwi. Hapo sina mzaha.

Daktari. Si daktari yeyote, ni yule aliyeteuliwa na uhamiaji. Anakupima, anakukagua chanjo, anakupa fomu ndani ya bahasha iliyofungwa. Usiifungue. Najua unavyojisikia. Mimi bahasha ya jirani tu siwezi kulala nayo. Usiifungue hata kwa mvuke wa birika, ambao kwa kawaida haushindwi.

Haya, harusi ya dada yako. Mwanangu, ngoma hiyo naisimamia mimi. Nguo nimeshona, na wimbo mmoja nimeutunga kumsema yule bibi wa Chumbageni. Usije. Ombi likiwa mezani, ukitoka Marekani kabla ya kupewa kibali cha kusafiri, kile kinachoombwa kwa fomu I-131, wanahesabu umelitupa. Utarudi Houston kwa njia gani, kwa ngalawa? Mwambie mama yako Somo amekataza. Akinuna aje kwangu, nitamweka chumba cha ndani.

Mhariri ananionyesha saa, kana kwamba saa ndiyo iliyouliza swali. Haraka basi. Ndoa yenu ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ombi linapokubaliwa, kadi itakuwa ya miaka 2 tu. Ni sheria ya 1986. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnapeleka I-751 kwa pamoja, na risiti za umeme upya. Ukisahau, unapoteza hadhi yako. Mkihama nyumba mna siku 10 za kuwaarifu. Cheti chochote cha Kiswahili kiwe na tafsiri kamili na sahihi ya mtafsiri. Ukiwa na rekodi ya makosa polisi au uliwahi kufukuzwa nchini, tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza hata jina. Chaki ya kitandani iwe nyeupe.

*Somo, mimi ni mke wa pili, Mombasa. Mume wetu ni raia wa Marekani, anaishi Minneapolis na mke mkubwa. Miaka inakwenda, ananiambia ombi langu liko njiani. Nisubiri? — Mvumilivu.*

Njia ipi, mwanangu? Uhamiaji wa Marekani unatambua mke mmoja, na maadamu yule wa kwanza hajaachwa kisheria, wewe kwao hujaolewa. Fomu yao ya viza inauliza kabisa kama mwombaji anakusudia kuwa na wake wengi, na hawaulizi kwa kutaka kuhudhuria. Tena, kila ombi lililopokelewa lina nambari ya stakabadhi, herufi tatu na tarakimu kumi, na hali yake inaonekana kwenye tovuti yao bure. Mpigie leo, mwombe akusomee nambari hiyo, uiandike. Akianza kukohoa, mdai kodi ya nyumba ya mwezi huu kabla hajakata simu.